Fedha za Ng'ambo na Udongo wa Webuye: Hubaki Nini Wafadhili Wakishaondoka?

Ndugu zangu wasomaji, na hasa mama zetu mnaousoma ukurasa huu pamoja na watoto, leo naomba tuondoke kidogo pwani tukaangalie mambo ya wenzetu wa bara, kwani yaliyowafika wao yameshaanza kubisha hodi milangoni mwetu.

Nilikwenda Webuye, kaunti ya Bungoma, kwa harusi ya mwana wa rafiki yangu wa tangu madrasani. Nililazwa kwa jamaa zake, katika nyumba ya mama mmoja mtu mzima, mjane, mwenye shamba la ekari mbili karibu na Mto Nzoia. Baada ya chakula cha mchana mama huyo aliingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya leso. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Sheikh," akaniambia, "wewe umesoma. Nisomee karatasi hii. Kikundi chetu tulitia vidole miaka mingi iliyopita, na mpaka leo sijui tulikubali nini."

Zilikuwa kurasa chache za Kiingereza kizito cha mawakili. Nikasoma polepole. Zilisema kwamba wanakikundi wamelipa shirika moja haki ya kuuza kaboni itakayohifadhiwa katika mashamba yao kwa muda wa miaka 20. Jina la shirika hilo nalisitiri, kwa kuwa sikuandika makala haya ili kumshitaki mtu. Nilipomfasiria, mama alinyamaza, akaitazama safu ya miti ya mgrivilea iliyozunguka shamba lake, kisha akauliza: "Mwanangu ataka kuikata hii tumlipie mdogo wake karo. Je, ina maana miti si yangu tena? Na huu udongo je?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Ili kulijibu sawasawa, yatupasa kwanza tujue kwamba fedha za ng'ambo hazikuingia Webuye mara moja, bali mara mbili, na kila mara zilikuja na sura yake.

Fedha ya kwanza: kiwanda cha karatasi

Zama za Waingereza mji huu uliitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya Mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Kilichoukuza ni kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho wadogo kwa wakubwa walikiita Panpaper. Kilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Ulikuwa ushirikiano wa kimataifa hasa: Serikali ya Kenya ilikuwamo, Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia lilikuwamo, na wawekezaji wa kundi la Birla kutoka India walikuwamo. Kuni na mbao za kusagwa zilitoka katika mashamba ya misunobari yaliyopandwa Turbo na kwingineko kwa ajili ya kiwanda hicho.

Haki isemwe: kiwanda kililisha watu wengi. Watoto walisoma kwa mishahara yake, maduka yakafunguliwa, na madaftari yaliyotengenezwa kwa karatasi yake yaliandikiwa katika shule za nchi nzima. Lakini mizani ina sahani mbili. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi juu ya harufu kali ya kemikali, juu ya mabati ya nyumba zao yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati, na juu ya maji machafu yaliyoingia mtoni. Na Nzoia haukomei Webuye. Huteremka hadi Budalangi na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mtu wa Budalangi hakupata mshahara wa kiwanda, ila maji yake aliyanywa.

Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu yake mwaka 1999, kiwanda hiki kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyoruhusiwa kuendelea. Hata hivyo hakikuokoka. Mwanzoni mwa mwaka 2009 kilifungwa kwa mzigo wa madeni, na mji mzima ukazizima. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa familia ya Rai kwa shilingi milioni 900, baada ya fedha nyingi zaidi ya hizo kuzama humo. Fedha ya kwanza, basi, ilileta neema iliyotegemea mlango mmoja, na mlango ulipofungwa, waliobaki nje ni wenyeji, pamoja na mto wao na misitu iliyopungua.

Fedha ya pili: jembe na matandazo

Fedha ya pili ilianza kwa njia ambayo wasomaji wa jarida la familia kama hili wataipenda. Huko Sweden kulikuwa na jarida la vyama vya ushirika lililoitwa Vi, neno ambalo kwa lugha yao ni "sisi". Mwaka 1983 wasomaji wake walianza kuchanga fedha ili miti ipandwe katika ardhi iliyokauka ya Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale. Kutokana na mchango huo likazaliwa shirika la Vi Agroforestry, ambalo kazi yake ilienea Trans Nzoia, Bungoma, pande za Kisumu, na hata Uganda, Tanzania na Rwanda. Serikali ya Sweden nayo, kupitia shirika lake la misaada la Sida, ikatia mkono.

Baadaye wafadhili wengine walifika katika bonde lilo hilo. Mwaka 2005 Mfuko wa Mazingira wa Dunia ulianza kugharimia, kupitia Benki ya Dunia, kazi ya kurejesha rutuba na uoto katika mabonde ya mito Nzoia, Yala na Nyando. Kisha mwezi Novemba mwaka 2010, katika mji wa The Hague nchini Uholanzi, Vi Agroforestry na mfuko mmoja wa Benki ya Dunia walitia saini mkataba wa kununua kaboni ya udongo kutoka kwa wakulima wadogo wa magharibi ya Kenya. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Ulilenga wakulima 60,000 na hekta 45,000.

Mama zangu, msiogope neno kaboni. Mmea huvuta hewa ukaa kwa majani yake, ukaifanya kuwa shina, mizizi na majani. Mkulima akiyachoma mabua baada ya mavuno, ile hewa hurudi angani siku ile ile. Akiyaacha juu ya ardhi yawe matandazo, au akayaozesha na samadi kuwa mboji, sehemu ya ile kaboni huingia ardhini na kuufanya udongo kuwa mweusi na laini, wenye kushika maji. Wataalamu hukadiria tani zilizohifadhiwa, cheti hutolewa kwa kila tani, na kampuni au serikali ya mbali inayotoa moshi mwingi hununua vyeti hivyo ili ihesabiwe kuwa imefidia sehemu ya moshi wake. Mwezi Januari mwaka 2014 vyeti vya kwanza vya mradi huo vilitolewa kwa tani 24,788.

Kwa sisi tuliolelewa na habari za wakfu, jambo hili si geni. Mtu akiuweka wakfu mnazi, asili yake haiuzwi wala hairithiwi. Matunda ndiyo yanayotumika. Na hapa vilevile: kaboni ikae ardhini isiguswe, na faida yake ndiyo igawanywe. Ila kuna tofauti kubwa. Aliyeweka wakfu hujua alichokiweka, hujua ni kwa nani, na hukisema mbele ya mashahidi. Mama wa Webuye hakujua.

Hesabu ya senti

Sasa tuziangalie fedha zenyewe. Mkataba ule wa mwaka 2010 ulipotangazwa, ilielezwa kwamba faida itakayoifikia jamii moja kwa moja ni zaidi ya dola 350,000 za Marekani, kwa muda wote wa mauzo. Hesabu hiyo humvutia mtu anapoisikia redioni. Lakini mgawanye kwa wakulima 60,000 waliolengwa. Kila mmoja hapati hata dola 6, yaani chini ya shilingi 500 za wakati ule, kwa kazi ya miaka. Kupima, kukagua, kusajili na kutoa vyeti kuna gharama yake, na gharama hiyo hukatwa kabla ya mkono wa mkulima kufikiwa.

Je, basi wakulima walipoteza wakati wao? Nilimuuliza mwenyeji wangu. Akacheka, akanichukua shambani. Alinionyesha makinga aliyochimba kuzuia maji yasisombe udongo, tundu la mboji kando ya zizi, na mahindi yaliyopandwa pamoja na maharage. "Zamani," alisema, "mvua ikikatika wiki mbili, mahindi yangu yalikunja majani kama mtu mwenye homa. Sasa yanastahimili. Fedha ya kaboni sikuiona ikanitosha hata sare ya shule. Lakini gorogoro la mahindi sinunui tena mwezi wa tano." Akaongeza kwamba kikundi kile kile kilichotia vidole kiligeuka kuwa chama cha kuweka na kukopeshana, na hadi leo hukutana.

Hapa ndipo nilipoona jambo ambalo ningependa tulishike. Kiwanda kilileta fedha nyingi, na kilipoanguka hakikumwachia mwenyeji kitu mkononi. Mafunzo ya udongo yalileta fedha kidogo, lakini yalimwachia mwenyeji kitu ambacho hakuna mfadhili awezaye kukibeba akiondoka, yaani ujuzi. Kwa hiyo msaada usipimwe kwa ukubwa wa tarakimu siku ya kuzinduliwa. Upimwe kwa kinachobaki shambani na nyumbani siku gari la mradi litakapoacha kuja.

Kwa nini watoe?

Wengine huuliza: kwa nini watu wa Sweden au Ujerumani watoe fedha zao kwa ajili ya mashamba yetu? Je, ni sadaka? Si sadaka tupu. Mataifa yaliyojenga viwanda mapema ndiyo yaliyoijaza anga moshi kwa zaidi ya karne moja, na ukame na mafuriko yanayotokana nayo huwaangukia hata wasiokuwa na gari wala umeme. Katika mkutano wa Copenhagen wa mwaka 2009, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo mwaka 2020. Mwaka huo ulipita ahadi haijatimia, na kwa hesabu za nchi hizo zenyewe ilitimia mwaka 2022. Tena sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo, na mkopo hulipwa, hata ukiitwa jina zuri kiasi gani.

Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuwasaidia waliokwisha kuumizwa. Mwaka uliofuata huko Dubai, Falme za Kiarabu na Ujerumani ziliahidi kuutilia dola milioni 100 kila moja. Ni hatua njema. Lakini barabara kutoka Dubai hadi shamba la mjane wa Webuye ni ndefu, na kila kituo cha njiani kina mtu anayekata chake.

Na sisi wa pwani

Msidhani mambo haya ni ya watu wa mahindi tu. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza kaboni ya mikoko tangu mwaka 2013, katika mradi waliouita Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kila mwaka wanauza vyeti vya takriban tani 3,000. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iliwasaidia, pamoja na wataalamu kutoka Scotland. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Fedha zao nazo si za kutajirisha. Kama zingegawanywa nyumba kwa nyumba, kila mtu angepata senti za kununulia sukari. Ila hawakuzigawanya. Wanakijiji hukaa baraza, wakaamua fedha za mwaka zifanye nini: zikavuta maji ya bomba, zikanunua vitabu, zikakarabati shule. Mwanamke aliyekuwa akitoka alfajiri na ndoo kichwani anajua ni wapi kaboni yake ilikwenda, kwa sababu anaifungulia bomba. Mkulima wa Webuye, ambaye fedha zake zilipita kwa vikundi vingi vilivyotawanyika, mara nyingi hakuweza kuzionyesha kwa kidole. Ndipo nikaona kwamba fedha kidogo iliyoamuliwa hadharani hufaa kuliko nyingi iliyogawanywa gizani.

Sheria nayo imesogea. Mwaka 2023 Bunge la Kenya liliirekebisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi. Sasa mradi wa kaboni ulio katika ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, na kwa miradi ya ardhi, jamii ipewe si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Hiyo ni kinga kubwa kwa watu wa mikoko na malisho. Lakini mwenye shamba lake binafsi, kama mwenyeji wangu, kinga yake ya kwanza ni karatasi anayoitia saini. Asipoielewa, sheria nzuri ya Nairobi haitamsomea usiku.

Fauka ya hayo, tangu mwaka 2021 serikali inaendesha mpango uitwao FLLoCA, kwa fedha za Benki ya Dunia, Ujerumani, Denmark na Sweden. Kwa mpango huo kaunti huunda mfuko wa tabianchi, na kila wadi huwa na kamati ya wananchi inayopendekeza kazi ya kufanywa: kisima, bwawa, kitalu cha miti. Bungoma imo, na kaunti zetu za pwani zimo. Nawauliza akina mama: mnawajua wanakamati wa wadi yenu? Mmewahi kwenda kikaoni? Anayeteka maji ndiye ajuaye kisima kichimbwe wapi. Asipokuwapo, kitachimbwa karibu na nyumba ya mwenye sauti kubwa.

Kabla ya kutia kidole

Dini yetu imetufundisha kuyaandika madeni na kuyawekea mashahidi, hata yakiwa madogo. Basi na mkataba wa miaka 20 usitiwe saini kwa kuoneana haya na mgeni aliyekuja na soda na fulana. Mradi wowote ukifika kijijini, ulizeni haya kwa upole na bila hofu. Karatasi imeandikwa kwa lugha tunayoielewa? Tunauza nini hasa, na kwa miaka mingapi? Kila shilingi inayoingia, ngapi zitatufikia, na nani atatusomea hesabu hadharani? Tukihitaji kukata mti kwa dharura, twaruhusiwa? Mwenye shamba akifariki, warithi wake wamefungwa na nini? Na mradi ukifa, tutabaki na kitu gani? Aliye mkweli hatachukia maswali hayo. Akichukia, mmeshajua.

Jioni ile nilimjibu mwenyeji wangu. Nilimwambia: "Mama, udongo ni wako na miti ni yako. Ulichotoa ni haki ya kuuza kile ambacho udongo na miti hiyo imehifadhi, na muda wake bado haujaisha." Kuhusu kuikata miti kwa ajili ya karo, tuliitafuta ile habari ukurasa kwa ukurasa, mimi na mwanawe, kwa mwanga wa simu. Hatukuiona. Ama haikuandikwa, ama ilijificha katika Kiingereza nisichokiweza.

Mama aliikunja bahasha, akaifunga tena kwa leso. Akamwambia mwanawe, "Miti usiiguse kwanza." Kisha akampigia simu katibu wa kikundi, akamtaka aite mkutano Jumatano, na karatasi isomwe yote kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, akiwapo ofisa wa shirika. "Aje na hesabu zake," alisema. "Sisi tutakuja na maswali yetu."

Nilipoondoka asubuhi kurudi pwani, alikuwa ameshatoka. Alikuwa shambani, anatandaza mabua.